Pembe Ukutani, Pembe Shambani: Jinsi Nyara za Wawindaji Zilivyopelekwa Ng'ambo, na Ufanyeje Ukizikuta Leo

Ndugu mkulima, kama ploti yako iko upande wa Ngoliba, Munyu, Gatuanyaga au Juja, si ajabu siku moja plau ifukue fuvu la mnyama pamoja na pembe zake. Nchi hiyo ilikuwa malisho ya nyati, kongoni na punda milia miaka mingi kabla ya kupimwa na kugawiwa watu, na mifupa mikubwa haiozi upesi. Au pengine wewe na wenzako mlinunua shamba lililokuwa la mlowezi, na katika ile nyumba yake ya mawe mkakuta kichwa cha nyati kimetundikwa ukutani, au ngozi ya chui darini, imeliwa na nondo. Watoto wanaichezea. Jirani anakwambia usiitupe, kuna mtu Nairobi anayenunua vitu hivyo kwa bei nzuri.

Kabla hujampigia simu mtu huyo, soma maelezo haya mpaka mwisho. Kitu hicho chaweza kukugharimu shamba lako. Si vigumu kueleza kwa nini, lakini yafaa kwanza kujua vitu hivyo vilifikaje hapo, na wenyewe walikuwa wakivifanya nini.

Katika Kiswahili cha sheria vitu hivi huitwa nyara. Neno hilo tangu asili ni la vita: ni mali anayoiteka mshindi kwa adui. Wawindaji wa ng'ambo nao waliona hivyo. Walikuja safari, wakapiga mnyama, wakataka kurudi kwao na alama ya ushindi. Nyama hawakuihitaji, wapagazi ndio walioila. Walichotaka ni pembe, ngozi, fuvu na kichwa. Hata mguu wa ndovu ulitolewa ndani ukabaki gamba tupu, ukafanywa chombo cha kuwekea miavuli mlangoni. Msomaji ataamua mwenyewe kama hiyo ni heshima kwa ndovu.

MGENI ALIYEKUJA NA TANI NNE ZA CHUMVI

Mwindaji aliyejulikana kuliko wote waliopita katika wilaya zetu ni Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani mpaka mwezi wa Machi 1909. Mwezi uliofuata alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu watatu wa elimu ya wanyama. Alikaa Juja Farm, shamba la Mmarekani mwenzake William Northrup McMillan, yule ambaye kaburi lake liko juu ya mlima wa Ol Donyo Sabuk. Hapo Juja aliwinda viboko na wanyama wengine kando ya mito. Kisha akaenda shamba la Bwana Heatley kwenye Mto Kamiti, si mbali na Ruiru, akapiga nyati waliokuwa wakijificha katika mafunjo ya kinamasi. Leo ukipita upande wa Kamiti utaona kahawa na majumba ya kupangisha, na ni vigumu kuamini kwamba nyati walikuwa wakilala mchana katika mabonde yale.

Safari yake haikuwa ndogo. Alikuwa na wapagazi karibu 200, na katika mizigo yake mlikuwa na tani nne za chumvi laini. Chumvi hiyo haikuwa ya chakula. Ilikuwa ya ngozi. Safari ilipokwisha mwaka 1910, yeye na mwanawe walikuwa wameua wanyama zaidi ya 500 kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, na sehemu kubwa ya ngozi na mafuvu ilipelekwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Kwa hiyo wako wanyama wa Kamiti na Juja waliohifadhiwa Marekani mpaka leo, na wanafunzi wa huko huwatazama kabla ya wajukuu wa wapagazi waliowabeba.

Jambo la kuangalia hapa ni hili. Roosevelt hakuchukua pembe zile kwa nguvu tu. Alikuwa na karatasi. Mgeni wakati huo alilipa pauni 50 kupata leseni ya uwindaji, na leseni hiyo ilitaja ni wanyama gani anaruhusiwa kuwapiga, na wangapi wa kila namna. Mlowezi mwenye shamba alilipa kidogo zaidi ya hapo chini, kwa sababu alihesabiwa mwenyeji. Bali mwenyeji wa kweli, Mkikuyu au Mkamba aliyempiga swala kwa mshale ili watoto wale, au aliyetega mtego kando ya mahindi yake, alishikwa na kuitwa mwizi wa wanyama. Mnyama mmoja, na kwa mtu mmoja ni nyara, kwa mwingine ni kosa. Wazee wengi walibaki na uchungu huo, na ni haki yao. Lakini faida moja imo katika habari hii, nayo ni kutufundisha kwamba tangu mwanzo pembe bila karatasi haikuwa mali ya mtu yeyote. Leseni ndiyo iliyofanya pembe kuwa mali.

KAZI YA WACHUNA NGOZI

Watu hudhani kwamba mwindaji alikata kichwa akakitia katika sanduku akaenda zake. Sivyo kabisa. Kichwa kibichi katika jua la Thika huanza kuoza siku hiyo hiyo, na kikishaoza manyoya yote hung'oka yakishikwa. Kazi ya kuhifadhi ilikuwa ngumu kuliko kazi ya kupiga risasi, nayo ilifanywa hasa na Waafrika wenyeji waliofundishwa mpaka wakawa mafundi. Majina yao hayakuandikwa penye vibao vya makumbusho.

Mnyama alipoanguka, mchuna ngozi hakupasua koo kama tunavyofanya kwa mbuzi. Kichwa kikitakiwa kutundikwa, kisu hupita nyuma ya shingo, kutoka mabegani mpaka katikati ya pembe, ili ule mshono usionekane na mtu anayetazama kwa mbele. Ngozi ya shingo huachwa ndefu, mpaka nyuma ya mabega, kwa maana fundi wa ng'ambo hawezi kuongeza ngozi isiyokuwapo. Masikio hugeuzwa nje-ndani kama kidole cha glavu, na mfupa laini wa ndani hutolewa. Midomo hupasuliwa kwa ndani, na kope za macho husafishwa kwa ncha ya kisu. Sehemu hizo tatu ndizo zinazooza kwanza, na mtu mvivu alijulikana kwa masikio yaliyopukutika.

Halafu ngozi ilikwanguliwa nyama na mafuta yote. Chumvi nyingi ikasuguliwa upande wa ndani, ngozi ikakunjwa, ikaachwa usiku kucha maji yatoke. Kesho yake ile chumvi chafu ikakung'utwa na nyingine mpya ikatiwa. Baada ya hapo ngozi ilikaushwa kivulini penye upepo. Kamwe haikuanikwa juani, kwa sababu jua huipika ngozi: juu ikawa kavu kama ubao, ndani bado mbichi na inaoza.

Mkulima mwenye ng'ombe ataona kwamba kazi hii yamhusu hata kama hatagusa pembe ya mwitu maisha yake yote. Thika ni mji uliozoea viwanda vya ngozi kwa miaka mingi, na jambo linaloharibu bei ya ngozi za wakulima wetu ni lile lile lililomtisha mchuna ngozi wa Roosevelt: mikato ya kisu, nyama iliyobakizwa, na kuanika chini juani. Ng'ombe akichinjwa, ngozi itiwe chumvi kabla ya saa nne kupita, na chumvi isiwe ya kunyunyiza kama kwenye mchuzi. Kwa ngozi ya kilo 20 weka kilo 6 mpaka 10. Kama huna chumvi, itundike kwenye fremu ya miti, imewambwa vizuri, chini ya banda.

Turudi kwenye nyara. Fuvu lilichemshwa katika sufuria kubwa mpaka nyama ikaachana na mfupa. Pembe za wanyama kama nyati, kongoni na pofu zina mfupa ndani na ganda nje, basi zililowekwa siku kadhaa mpaka ganda likateleza likatoka, mfupa wa ndani ukasafishwa, ganda likarudishwa. Pembe zilipimwa kwa utepe, maana wawindaji walishindana. Kulikuwa na duka maarufu la London, la Rowland Ward, lililotengeneza vichwa vya wanyama na pia kutoa kitabu cha vipimo vya pembe kubwa kuliko zote. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1892, na tangu hapo mabwana wengi walilala wakiota inchi.

Mizigo ilibebwa kichwani, karibu ratili 60 kwa kila mpagazi, yaani kama kilo 27. Reli ilikuwa haijafika Thika wakati huo; ilifika mwaka 1913. Kwa hiyo ngozi na mafuvu vilikwenda kwa miguu au kwa magari ya maksai mpaka Nairobi, kisha kwa treni mpaka Mombasa, kisha kwa meli. Miezi ilipita kabla mwindaji hajaona tena kichwa chake, na wengine walifungua sanduku wakakuta wadudu wamekwisha kula.

Baadaye kazi hii ilifanywa hapa hapa. Mjerumani Paul Zimmermann alikuwa na kiwanda chake kando ya barabara ya Thika, na kilijulikana duniani kote. Mgeni aliacha ngozi zake hapo, akarudi kwao mikono mitupu, na baadaye kichwa kikamfuata kwa meli, kimekwisha kutiwa macho ya kioo. Wewe unayepanda matatu kutoka Ruiru kwenda mjini unasikia makanga akiita abiria wa Zimmerman. Mtaa huo uliojaa magorofa ulichukua jina kwa fundi huyo wa vichwa vya wanyama. Uwindaji ulipokatazwa, kiwanda nacho kikakosa kazi.

HATARI ISIYOONEKANA

Kuna jambo ambalo wengi hawajui. Ili kuzuia wadudu, mafundi wa zamani walipaka upande wa ndani wa ngozi sabuni iliyochanganywa na aseniki, yaani sumu ya namna ile ile iliyokuwa ikitiwa zamani katika majosho ya ng'ombe. Aseniki haiishi nguvu kwa miaka. Kichwa kilichotengenezwa zamani za ukoloni chaweza kuwa na sumu hiyo mpaka leo, na ngozi inapopasuka hutoa vumbi jeupe. Usikipanguse kwa mkono mtupu. Usiwaache watoto wakipande kama farasi. Usikichome moto ndani ya boma ili kukiondoa, kwa sababu moshi wake unaweza kukudhuru wewe na mifugo. Kifunike kwa gunia au karatasi ya nailoni, ukinawe mikono kwa sabuni, mpaka wenye kazi waje kukichukua.

KARATASI ILIPOKWISHA

Sasa tufike penye sheria. Tarehe 19 Mei 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa wanyama wakubwa. Leseni zote zilikwisha siku hiyo. Mwaka 1978 biashara ya nyara nayo ikafungwa, na maduka ya Nairobi yaliyokuwa yakiuza ngozi za punda milia, bangili za pembe za ndovu na viti vya miguu ya ndovu yakaondoa bidhaa hizo.

Kwa nini? Kwa sababu biashara ile ilikuwa imetoka mikononi. Ndovu wa Kenya walihesabiwa kuwa kama 167,000 mwaka 1973. Ilipofika mwaka 1989 walikuwa wamebaki chini ya 20,000. Si wawindaji wenye leseni waliowamaliza hao. Wengi waliuawa na majangili wenye bunduki za kivita. Lakini pembe ya jangili ilipita katika mlango ule ule wa pembe ya halali. Ikishafika dukani, nani atasema hii ilipigwa kwa leseni na hii iliibwa? Pembe haina tarehe. Askari aliye barabarani hawezi kuitazama akajua kama mnyama alikufa mwaka 1952 au wiki iliyopita.

Ndiyo maana mwezi wa Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu katika mbuga ya Nairobi mbele ya macho ya dunia, na tarehe 30 Aprili 2016 Rais Kenyatta akachoma tani 105 pamoja na pembe za kifaru mahali pale pale. Wakulima wengine walisema ni hasara, pesa zile zingejenga shule. Fikira hiyo si ya upumbavu. Ila kumbuka kwamba Serikali ikiuza pembe, soko linafunguka, na soko likifunguka mtu mwenye bunduki hupata pa kupeleka mzigo wake. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280. Wameongezeka, na mkulima aliye karibu na mbuga anajua vizuri sana kwamba wameongezeka.

Nchi nyingine hazikufuata njia yetu. Tanzania bado huruhusu wageni wenye leseni kuwinda katika mapori yaliyotengwa. Huko mwindaji hulipa ada, mnyama huandikwa, na nyara haiwezi kuvuka mpaka mpaka ipate kibali cha mkataba wa CITES. Huo ni mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ulitiwa sahihi Washington mwaka 1973. Nchi anayotoka mwindaji nayo huweza kudai kibali chake, na madaktari wa mifugo hudai cheti cha kuonyesha kwamba ngozi imetiwa chumvi na kukaushwa kwa kanuni, kwa sababu wanaogopa ugonjwa wa miguu na midomo usiingie katika ng'ombe wao. Hivyo ndivyo nyara zinavyopelekwa nyumbani leo: karatasi juu ya karatasi. Ndovu wa Amboseli hajui habari hizi. Akivuka mpaka kufuata majani, sheria inayomlinda hubadilika, na madume kadhaa wenye pembe kubwa walipigwa upande wa pili mwishoni mwa 2023 na mwanzo wa 2024. Jambo hilo lilileta maneno mengi kati ya watu wa nchi hizi mbili.

Basi mtu akikuletea pembe akasema, "Hii si ya Kenya, imetoka Tanzania kwa halali," mwambie akuonyeshe vibali vyake. Atakuwa hana.

NA WEWE JE?

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 husema kwamba mtu anayeweka nyara, au anayeiuza, au anayetengeneza kitu kwa nyara bila kibali, ana kosa. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyopungua shilingi milioni moja, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote pamoja. Angalia neno "isiyopungua." Kwa mnyama aliye hatarini kama ndovu au kifaru adhabu ni kubwa zaidi. Milioni moja ni ng'ombe wangapi wa maziwa? Ni ploti ngapi zilizouzwa kwa haraka na kwa bei mbaya ili mzee atoke rumande?

Na nyara si pembe za ndovu tu. Sheria inahesabu mfupa, kucha, jino, yai, manyoya, ngozi na sehemu yoyote ya mnyama wa mwitu. Jino la kiboko uliloliokota chini ya Fourteen Falls ni nyara. Magamba ya kakakuona ni nyara, na watu wanaoyatafuta ni hatari sana, maana biashara yake imekatazwa dunia nzima tangu mwaka 2017. Ganda la kobe, kucha ya chui, ngozi ya chatu, hayo yote yamo.

Wazee wetu wanayo shida ya namna ya pekee. Ngozi ya mbega ilikuwa vazi la heshima na la ngoma, na iko katika masanduku ya nyumba nyingi tangu enzi za babu. Hakuna anayesema kwamba mzee huyo ni jangili. Lakini mbele ya askari, ngozi ya babu na ngozi ya juzi zinafanana. Sheria imeacha nafasi ya kibali, basi yafaa mzee au kikundi cha ngoma kiende afisi ya KWS kuuliza na kuandikishwa, kuliko kuficha na kuombea lisitokee neno.

Tena yafaa kujua namna watu wanavyokamatwa. Mara nyingi "mnunuzi" anayekuja na pesa taslimu, akikubali bei bila kubishana, ni afisa aliyejifanya mfanyabiashara. Mara nyingine ni mnunuzi wa kweli, naye ni mbaya zaidi, kwa kuwa akishikwa njiani atataja jina lako la kwanza. Na huyo kijana wa boda boda uliyempa gunia apeleke Ruiru bila kumwambia mlikuwa na nini, naye atasimama kizimbani pamoja nawe.

Ukikuta fuvu, pembe au ngozi, iache pale ilipo kama yaweza kukaa salama. Usiipeleke mjini mwenyewe kwa matatu ati unakwenda kuitoa Serikalini; ukisimamishwa kabla ya kufika, maneno yako hayatakuwa na shahidi. Mwite jirani aone. Pasha habari siku ile ile kwa chifu, au kituo cha polisi, au afisi ya KWS iliyo karibu, na uwaambie waje waichukue. Ikiwa ni nyumba ya ushirika, mwenyekiti na katibu wawepo, iandikwe katika kitabu cha mikutano.

Ikiwa ni mzoga mzima, habari ni nyingine tena. Nyati au kiboko aliyekufa bila jeraha huenda amekufa kwa kimeta. Mwaka 2015 nyati wengi wa Ziwa Nakuru walikufa kwa ugonjwa huo. Kimeta huingia kwa mtu kupitia kidonda kidogo cha mkono, na hukaa ardhini miaka mingi kikingoja ng'ombe wako. Mtu akikata pembe au kuchuna mzoga wa namna hiyo ameieneza damu yote shambani. Usiupasue, usile nyama, usiache mbwa waje. Fukuza mifugo mbali, umwite daktari wa mifugo pamoja na KWS.

Limebaki neno kwa wenye watoto ng'ambo. Kijana akija likizo kutoka Marekani au Uingereza hutaka kurudi na kitu cha nyumbani, na mama mwenye mapenzi humpa kile kijipembe cha swala kilichokuwa kabatini, au bangili ya bibi. Usifanye hivyo. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kuna mbwa waliofundishwa kunusa vitu hivi, na wasafiri wamekamatwa kwa bangili moja tu ya pembe ya ndovu, hata wengine waliokuwa wakibadilisha ndege na hawana habari ya sheria ya Kenya. Mpe kiondo, au kibuyu kilichokauka vizuri. Pembe ya ng'ombe au ngozi ya mbuzi si kosa kwa sheria ya wanyamapori, lakini nchi anayokwenda huenda ikaizuia kwa ajili ya magonjwa ya mifugo, basi na aulize kwanza, tena achukue risiti ya fundi aliyeitengeneza, isije ikadhaniwa ni ya mwitu.

Na wewe uliyepasha habari, usimwache afisa aondoke na pembe hivi hivi. Mwombe aandike alichochukua, siku gani, kutoka kwa nani, na jina lake na namba yake ya kazi. Ukiripoti polisi, omba namba ya OB. Ile karatasi iweke pamoja na hati ya shamba. Miaka ikipita na mtu akaja kusema kwamba nyumba yenu ilikuwa na kichwa cha nyati, utakuwa na cha kumwonyesha.